Meza ya kale ya mwaloni ya kuvuta na viti sita: kusafisha, kukaza viti na kuisafirisha Tanga

Msafiri_Reading aliuliza:

Wakuu, salaam. Naomba ushauri wa wanaojua mbao na fanicha za zamani. Nimenunua mnadani hapa Uingereza meza ya kulia ya mwaloni pamoja na viti sita, vinne vya kawaida na viwili vya mikono. Meza ni ya kuvuta: ikifungwa ni sm 106 kwa 91, na mbao mbili za pembeni zikivutwa inafika sm 178. Miguu imesokotwa kama kamba na kuungwa chini kwa miti minene. Rangi ni kahawia iliyokolea, karibu nyeusi penye kona. Vikalio vya viti vinatoka vyote na vimevikwa ngozi bandia iliyopasukapasuka. Muuzaji ameandika "mwaka 1900 hivi".

Nataka kujua, kwanza, kama umri huo ni wa kweli na kama ni mwaloni mtupu. Pili, niisafishe kwa nini? Kuna fundi anasema nipige msasa wote nianze upya. Tatu, viti vitatu vinacheza ukikalia. Na mwisho, mwakani itapakiwa kwenye kontena kwenda Tanga. Itavumilia hali ya hewa ya pwani, au niiache huku?

---

FundiPatasi alijibu:

Mkuu, usipige msasa. Nitaeleza sababu hapo chini, lakini tuanze na umri, maana ndio unaoamua mengine.

Meza ya kuvuta ni muundo uliokuwepo Ulaya tangu karne ya 16, na miguu ya kusokotwa ilienea Uingereza baada ya 1660. Mitindo yote miwili ilirudishwa kwa nguvu na viwanda vya Kiingereza kati ya 1920 na 1939. Vipimo ulivyotaja, viti sita vyenye viwili vya mikono, vikalio vya kutoa na rangi iliyokolea hivyo, vyote vinaelekea miaka hiyo na si 1900. Angalia msokoto wa miguu. Ukiwa sawasawa kabisa kwenye miguu yote minne, umekatwa na mashine. Uliochongwa kwa mkono hutofautiana kidogo kutoka mguu hadi mguu. Ukiona skrubu zenye msalaba kichwani, jua kuna mtu amekwisha kuifanyia ukarabati, kwa kuwa skrubu hizo zilianza kutumika miaka ya 1930 na watengeneza fanicha wa Uingereza waliendelea kutumia zenye mfereji mmoja kwa muda mrefu baadaye. Angalia pia kama kuna alama ya CC41 chini ya meza. Ikiwepo, basi ni fanicha ya mgao wa vita, iliyotengenezwa kati ya 1942 na 1952. Sidhani utaiona kwenye miguu ya aina hiyo, maana fanicha ya mgao ilikuwa ya mistari mitupu bila madoido.

Kuhusu mwaloni wenyewe, tafuta miale. Ubao wa mwaloni uliopasuliwa kuelekea kiini cha gogo huonyesha mabaka yanayong'aa, yanayokatiza nyuzi za mbao. Mbao nyingine zinazofanana nao kwa rangi, kama mchestinati, hazina mabaka hayo makubwa. Kisha chunguza ukingo wa uso wa meza. Mistari ya juu ikiendelea kushuka ukingoni na ncha ikaonyesha vitundu vya mti uliokatwa, ubao ni mtupu. Ukiona ukingo umebandikwa kipande chembamba, au mistari ya chini ya ubao haihusiani kabisa na ya juu, basi una veniya (utando mwembamba wa mbao uliobandikwa) juu ya plaiwudi. Meza nyingi za miaka hiyo zina miguu na fremu ya mwaloni mtupu lakini uso wa veniya. Si kasoro ya kudharau, ila inabadilisha kila unachoruhusiwa kuifanyia. Veniya ya wakati ule mara nyingi haifiki hata milimita moja, na mashine ya msasa huimaliza kabla hujashtuka.

Na hata kama ni mwaloni mtupu, ile rangi iliyokolea ilipakwa kiwandani na haikuzama ndani. Ukikwangua uso utapata mbao ya rangi ya asali juu ya miguu myeusi, na msokoto wa miguu hauwezi kupigwa msasa ukabaki na kingo zake. Utakachopoteza ni karibu miaka 100 ya mwanga, nta na mikono ya watu. Rangi hiyo haiuzwi kwenye kopo.

Sasa jua imepakwa nini. Chagua sehemu iliyofichika, mfano upande wa ndani wa mguu juu karibu na fremu. Weka pamba yenye tone la spiriti ya kuwashia kwa nusu dakika. Ikinata na kuacha rangi kwenye pamba, ni shelaki, polishi ya kale inayoyeyuka kwa spiriti. Isipobadilika, jaribu thina ya selulosi kando yake. Ikilainika, ni laka ya selulosi, iliyoshika viwanda kuanzia miaka ya 1920 na 1930. Isipolainika kwa chochote, yawezekana ni vanishi ya mafuta, au kitu cha kisasa kilichopakwa baadaye.

Kusafisha ni hivi. Futa vumbi kwa brashi laini, hasa ndani ya misokoto. Lowesha kitambaa cha pamba kwa *white spirit* (kiyeyushi cha rangi za mafuta, si spiriti ya kuwashia, hiyo itavua shelaki) na usugue eneo la sm 30 kwa 30 kwa wakati mmoja, ukigeuza kitambaa kila kinapokuwa cheusi. Hiyo inaondoa nta kuukuu na moshi. Uchafu wa chakula na sukari hautoki hivyo. Kwa huo tumia maji ya uvuguvugu yenye matone machache ya sabuni ya vyombo, kitambaa kikamuliwe hadi kiwe na unyevu tu, na ukaushe papo hapo. Baada ya siku moja paka nta. Ukitaka kutengeneza mwenyewe, gramu 100 za nta ya nyuki kwa mililita 250 hadi 300 za tapentaini halisi. Yeyusha nta ndani ya chombo kilichokaa kwenye maji moto, ondoa kabisa kwenye moto, ndipo umimine tapentaini, kwa sababu mvuke wake unawaka. Paka safu nyembamba, subiri nusu saa, ng'arisha. Mara mbili kwa mwaka inatosha. Nta ikiwa nyingi hunata na kushika vumbi.

Vitu viwili visikaribie meza hiyo. Polishi ya kupuliza yenye silikoni ni kimoja, maana huingia kwenye nyufa, na siku ukitaka kupaka shelaki upya inajikusanya na kuacha vijishimo. Kingine ni mafuta ya kitani, ambayo huendelea kuwa meusi mwaka hadi mwaka na hayatoki.

---

GundiMoto alijibu:

Nakubaliana na FundiPatasi kwa yote. Mimi naingia kwenye viti, kwa sababu hapo ndipo watu huharibu zaidi kuliko kwenye meza.

Kwanza acha kuvikalia hivyo vitatu. Kiti kinachocheza kinajimaliza chenyewe. Kila anayejiegemeza anapanua tundu, na mwisho ulimi (ncha ya mbao iliyochongwa kuingia kwenye tundu) au kigingi (kijiti cha duara kinachounga vipande viwili) kinavunjika. Kisha usipige msumari wala skrubu kukaza. Mwaloni mkavu wa miaka mingi hupasuka, na chuma kikikutana na unyevu ndani ya mwaloni kinaacha weusi usiofutika.

Geuza kiti, toa kikalio. Kwenye kona za ndani kuna vipande vya pembetatu vilivyofungwa kwa skrubu. Vifungue. Weka alama kila kiungo kwa vipande vya tepu ya karatasi (mfano "mguu wa mbele kushoto A"), kwa sababu vigingi vya kiti kimoja haviingii vizuri kwenye kingine hata kama viti vinafanana. Fungua tu viungo vilivyolegea. Kilicho imara kiache, hasa cha mguu wa nyuma.

Gundi ya wakati ule ilichemshwa kutoka ngozi na mifupa ya wanyama. Kwa kiungo kilichoshika nusu, vuta spiriti kwenye bomba la sindano, weka mililita mbili au tatu pale kwenye mstari wa kiungo na usubiri dakika kadhaa. Spiriti inaikausha gundi hadi inakuwa kama chumvi, na kiungo kinaachia kwa kugongwa kidogo na nyundo ya mpira juu ya kipande cha mbao. Angalia isitiririke kwenye uso wenye shelaki.

Ukishafungua, ondoa gundi kuukuu kwa kitambaa cha maji moto na kijiti. Usitumie tupa wala msasa mzito, maana ukipunguza ulimi umeongeza tatizo. Kama unatumia gundi nyeupe ya seremala lazima mbao iwe safi kabisa, haishiki juu ya gundi ya zamani. Gundi ya wanyama hushika juu ya ile ya zamani, na faida yake kubwa ni kwamba fundi wa miaka 50 ijayo ataweza kukifungua kiti bila kukivunja. Kwa fanicha ya kale mimi situmii nyingine. Gramu 100 za punje kwa mililita 150 hadi 200 za maji baridi, ziloweke usiku mmoja, kisha pasha kwenye maji moto hadi nyuzi 60 za Selsiasi. Ikichemka inapoteza nguvu.

Kigingi kikivunjikia ndani ya tundu, toboa katikati yake kwa keekee ya mm 6, kisha bomoa kingo zilizobaki kwa patasi nyembamba. Hapa kuna mtego. Vigingi vya Kiingereza vya wakati ule ni vya inchi tatu kwa nane, yaani mm 9.5, na vinavyouzwa leo ni mm 10. Ukikipigilia kwa nguvu mguu unapasuka. Kipunguze kwa msasa hadi kiingie kwa kusukumwa na mkono, ukikate kiwe kifupi kwa mm 2 kuliko kina cha mashimo, na ukichore mifereji ubavuni ili gundi na hewa vipate pa kutokea. Kigingi laini kisicho na mfereji kinasukuma gundi mbele yake, na shinikizo hilo peke yake linaweza kupasua mbao.

Unganisha kiti kikavu kwanza, bila gundi, uone kila kitu kinafika mahali pake. Ndipo upake gundi ndani ya tundu na kwenye ulimi pia, ufunge klampu. Huna klampu? Kamba nene izungushwe kwenye miguu mara mbili na ukazwe kwa kijiti, ukiweka matambara penye kona. Pima ulalo wa fremu ya kikalio kutoka pande zote mbili. Kwa kuwa mbele ni pana kuliko nyuma, pima kona ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, halafu kinyume chake. Vipimo viwe sawa. Simamisha kiti juu ya sakafu tambarare gundi ikiwa bado mbichi, la sivyo kitakauka kikiwa na mguu mmoja hewani. Futa gundi iliyotoka kwa kitambaa cha maji moto. Kisikaliwe kwa saa 24.

Vikalio sasa. Hiyo ngozi bandia ni kitambaa kilichopakwa selulosi, ikishapasuka haitengenezeki. Ivue yote pamoja na misumari yake midogo. Watu hubandika kitambaa kipya juu ya cha zamani, kisha wanakisindilia kikalio ndani ya fremu, na fremu inafunguka kwenye kona. Nusu ya viti "vilivyolegea" vya aina hii vimelegezwa hivyo. Kati ya kikalio kitupu na fremu ibaki nafasi ya mm 2 hadi 3 kila upande kabla ya kitambaa, na ukichagua kitambaa kinene au ngozi halisi, randa kingo za kikalio kidogo. Mikanda ya chini, kama imelegea, ibadilishe: ya upana wa sm 5, mitatu kwa mitatu, ikipishana juu na chini. Na kama una mpango wa kuviuza Uingereza baadaye, jua kwamba kanuni za usalama wa moto za mwaka 1988 zinaziacha nje fanicha zilizotengenezwa kabla ya 1950.

---

Bandarini_TG alijibu:

Swali la Tanga. Itavumilia, ukiiandaa.

Mbao hunywa na kutoa unyevu kufuatana na hewa. Ndani ya nyumba ya Uingereza yenye joto la hita, mbao inakuwa na unyevu wa asilimia 7 hadi 9. Pwani yetu, ambako hewa iko asilimia 75 hadi 80, itapanda hadi 14 au 15. Kwa mwaloni uliopasuliwa kawaida, uso mtupu wa sm 91 unaweza kutanuka kwa karibu sm 2 kwa upana. Uliopasuliwa kufuata miale hutanuka nusu ya hapo. Kwa urefu hautanuki kitu cha kuhesabu. Uso wa veniya juu ya plaiwudi hautanuki sana, shida yake ni gundi kuachia na kufanya malengelenge.

Kwa hiyo angalia jinsi mbao zilivyofungwa. Skrubu zikiwa kwenye matundu ya duara yanayobana, ubao ukitanuka utapinda au utajipasua. Chonga matundu yawe marefu kidogo kwa upande wa upana, mm 10 kila upande wa skrubu, uweke washa chini ya kichwa. Mbao za kuvuta pia zipewe nafasi pale zinapopita kwenye fremu, maana zikitanuka zitakwama ndani na mtu atazivuta kwa nguvu hadi zivunje fito.

GundiMoto amesema gundi ya wanyama, nami naongeza kwamba kwa pwani tumia ile ya kupasha moto, si ile iliyo tayari kwenye chupa. Ya chupani imetiwa dawa ya kuizuia isigande na hulainika haraka zaidi kwenye unyevu.

Wakati wa kupakia, fungua uso wa meza na uusimamishe kwa ukingo. Funga kwa blanketi na karatasi. Nailoni isiguse mbao moja kwa moja, kwa sababu hufungia unyevu na kuacha ukungu mweupe kwenye shelaki. Kontena likipita kutoka baridi kwenda joto, matone hujikusanya kwenye paa lake na kudondoka, basi weka vifyonza unyevu na ufunike mzigo kwa juu. Kreti na paleti za mbao ziwe na mhuri wa ISPM 15 (kanuni ya kimataifa ya mbao za kufungashia), kwa kawaida unaothibitisha zimepashwa moto nyuzi 56 kwa dakika 30. Kabla ya yote hayo kagua dumuzi, wadudu wanaotoboa mbao. Vitundu vya mm 1 hadi 2 vyenye unga mpya chini yake ni hatari, na hupatikana zaidi kwenye sehemu nyeupe ya mti, nyuma ya fremu na ndani ya miguu. Tibu kwa dawa ya pemethrini huko huko.

Forodhani viti viko chini ya namba 9401, meza 9403, na vitu vya kale vilivyopita miaka 100 viko 9706. Kwa meza ya 1920 na kitu huo ni mpaka mwembamba. Bila hati inayotaja umri wake usitegemee 9706. Mwulize wakala wako wa forodha kabla ya kupakia, si mzigo ukiwa umeshafika.

Ikifika Tanga, iache ndani ya chumba chenye kivuli wiki tatu au nne kabla ya kufunga skrubu zote. Mwaloni si msaji, hauna mafuta ya kujilinda, na mchwa hawauogopi, hivyo isikae juu ya sakafu ya udongo wala kugusa ukuta. Kwa joto letu nta ya nyuki tupu inalainika na kushika vumbi. Kwenye ile gramu 100 ongeza gramu 15 hivi za nta ya kanauba, nta ngumu ya mmea. Na fundi wa mtaani aliyezoea mvule na mninga atakuambia ipigwe msasa na vanishi ya kung'aa. Mwambie afanye viungo tu.

---

Msafiri_Reading:

Asanteni sana, ndugu zangu. Nimechunguza: uso ni mwaloni mtupu, miale inaonekana wazi, na pamba ya spiriti ilinata. Mawili yamebaki. Kuna duara jeusi katikati, inaonekana palikaa chungu cha maua. Na ubao mmoja wa kuvuta, ukiwa nje, ncha yake inashuka karibu sm 1.

---

FundiPatasi alijibu:

Duara lingekuwa jeupe ningesema ni unyevu ulionaswa ndani ya shelaki, ungelipangusa kwa kitambaa chenye harufu tu ya spiriti likaisha. Jeusi limeingia kwenye mbao: maji, chuma na tanini ya mwaloni vimekutana. Dawa yake ni asidi ya oksaliki. Ni sumu, vaa glavu, miwani na barakoa.

Vua shelaki kwa spiriti pale penye doa na kidogo kuzunguka, asidi haipiti juu yake. Koroga gramu 50 za fuwele kwenye nusu lita ya maji moto ndani ya chombo cha plastiki au kioo. Paka kwa brashi isiyo na chuma, kwanza kwenye weusi wenyewe, kisha panua hadi mwisho wa ubao huo ili usibaki na duara jeupe mahali pa jeusi. Subiri dakika 20, rudia ikihitajika. Suuza kwa maji safi mara tatu. Wapo wanaosuuza kwa magadi ya kuokea. Kwenye mwaloni usifanye hivyo, magadi yenyewe hugeuza rangi yake. Acha ikauke siku mbili, rudisha rangi, paka shelaki nyembamba mara mbili au tatu, kisha nta. Usitumie sufi ya chuma mahali penye unyevu. Vipande vyake vinavyobaki ndani ya vitundu vitakuletea vidoa vyeusi vipya.

Ubao unaoshuka ni kazi ndogo. Kila ubao wa kuvuta umefungwa kwenye fito mbili. Ukiwa nje, fito zinakaa kwenye kidato cha fremu, na ncha zake za ndani zinasukuma juu dhidi ya ubao wa kati uliofungwa kwenye fremu. Ncha hizo zimelika. Kata vipande viwili vya karatasi ngumu, viweke juu ya ncha za ndani za fito, uvute ubao uone. Unene kidogo pale ndani huinua ncha ya nje zaidi ya unene huo. Ukishapata unene unaofaa, badilisha karatasi kwa kipande cha mwaloni ulichobandika kwa gundi ya wanyama. Angalia pia vitambaa vya felti vilivyo chini ya uso wa juu. Vikiwa vimekwisha, mchanga mdogo tu unachora mbao za kuvuta kila unapozifunga. Felti ya mm 1 hadi 2 inatosha. Nene zaidi itauinua uso wa juu, na meza haitakaa tambarare.

---

GundiMoto:

Nyongeza moja. Mbao za kuvuta zikikaa zimefichwa muda wote, mwanga hauzifikii na zinatofautiana rangi na uso wa kati. Mkishafika Tanga zivute zote mbili siku kadhaa kila mwezi, mbali na jua la dirishani, na wakati wa kuzifunga inua uso wa juu kidogo kwa mkono mmoja kabla ya kusukuma.